Dawa za kuchochea kifo cha seli

Hizi ni dawa za saratani zinazoisukuma seli yenye ugonjwa ijiue kwa mpango uliomo ndani yake yenyewe. Mpango huo huitwa apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972.

Afrika Mashariki iliona kazi ya mpango huo mapema. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya za watoto, uitwao sasa limfoma ya Burkitt. Chini ya darubini hufanana na anga la usiku: kila nyota ni seli kubwa iliyomeza mabaki ya seli zilizokufa. Uvimbe huu hukua upesi mno, lakini kwa dawa iitwayo siklofosfamidi huweza kunywea ndani ya siku chache, jambo la kustaajabisha kweli.

Dawa mwenzake, vinkristini, hutoka kwenye vinka, ua la asili ya Madagaska linalostahimili mchanga wa pwani. Vinkristini huizuia seli kugawanyika mpaka ife. Kuchemsha majani ya vinka nyumbani si tiba, ni sumu. Mtoto wa kata ya Mkange, nchini Tanzania, mwenye taya lililovimba apelekwe hospitali mapema, ili apewe rufaa ya kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.