Taswira ya Ufaransa katika Katuni ya The Simpsons, 1990–2003

Makala haya yanachunguza namna Ufaransa ilivyosawiriwa katika The Simpsons, katuni ya vichekesho ya televisheni ya Marekani, na namna mzaha wake mmoja ulivyoingia katika siasa. Hoja inayojengwa ni kwamba maana ya mzaha hutegemea msemaji wake; msemaji akiondolewa, mzaha hugeuka hukumu.

Sehemu iliyorushwa Aprili 1990 inampeleka mtoto Bart Ufaransa kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wenyeji wake, wakulima wawili wa mizabibu, wanamtumikisha na kumwonjesha divai iliyotiwa kemikali ya kuzuia maji ya injini yasigande. Kisa hiki kina mzizi wa kihistoria, ila si wa Ufaransa: kashfa ya mwaka 1985 ya divai iliyotiwa dietileni glikoli iliwahusu hasa watengenezaji wa Austria. Katuni iliihamishia aibu hiyo nchi ambayo mtazamaji wa Marekani huihusisha zaidi na divai. Hata hivyo, Bart anaokolewa na polisi Mfaransa, baada ya kugundua kwamba amejifunza Kifaransa pasipo kujitambua. Taswira ya sehemu hii, basi, ina pande mbili.

Katika sehemu ya Aprili 1995, Willie, mtunza bustani Mskoti, anafundisha Kifaransa kwa kuwa shule imepunguziwa bajeti. Analisalimu darasa kwa tusi linalowafananisha Wafaransa na tumbili wala jibini, wepesi wa kusalimu amri. Anayechekwa hapo ni mwalimu asiye na sifa, pamoja na shule iliyomweka. Baadaye Jonah Goldberg wa jarida la National Review aliueneza msemo huo, na Ufaransa ilipopinga vita vya Iraki mwaka 2003 ulitumika kuibeza, bila Willie wala darasa lake. Kumbukumbu iliyobebwa na msemo ni ya kushindwa kwa majuma sita mwaka 1940. Wanajeshi zaidi ya milioni moja waliofia Ufaransa kati ya 1914 na 1918 hawamo.

Kwa hiyo, katuni hizi ni chanzo cha historia ya Marekani zaidi kuliko ya Ufaransa. Mtafiti anayezitumia hana budi kurejesha kila kauli katika tukio lake: nani alisema, mbele ya nani, na nani alikusudiwa kuchekwa.