Skrini Haikuwa Imekufa, Mimi Ndio Sikusoma Historia

Wasee, leo nawaambia kitu nilifanya nikaaibika. Nilinunua kaskrini kadogo ka Raspberry Pi kwa duka moja hapa tao. Kuwasha hivi, nyeupe tu kama karatasi. Nikarudi nikamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba amenichezea. Akanijibu polepole, "Kijana, hiyo ni nzima. Angalia pini." Sikumskia.

Campo niliacha, so hakukuwa na lecturer wa kuuliza. Nikaanza kusoma mwenyewe hiyo pini ilitoka wapi.

Skrini kama hizi huwa na pini ya RESET. Kwa chipu kama ILI9341, hiyo pini inafanya kazi kinyume: ukishusha umeme hadi sifuri, chipu inanyamaza. Ukiupandisha, inaamka.

Mwaka 2013 Noralf Trønnes alianzisha fbtft, mkusanyo wa draiva za skrini ndogo kwa Linux. Wakati huo draiva iliita pini kwa nambari tupu. Shida ni mbili. Ukibadilisha bodi, nambari inaweza kubadilika. Pili, nambari haikuambii kama pini inafanya kazi kinyume. Basi fbtft ikajiamulia: RESET ni ya kinyume, period. Hata faili la maelezo ya bodi likisema vingine, haikujali.

Januari 2014, Linux 3.13 ikaleta njia mpya, deskripta. Draiva haiombi tena pini 25, inaomba "reset" kwa jina. Faili la bodi ndilo linasema ni pini gani na inafanya kazi upande gani. Na hapa ndio muhimu: ukiandika 1, husemi "pandisha umeme". Unasema "fanya kazi yako", halafu kerneli inageuza yenyewe ikihitajika.

fbtft iliingia Linux 4.0 mwaka 2015, bado na nambari zake. Kuhamia deskripta ilikuwa 2019, na hapo mambo yakachemka. Jina la pini lilibadilishwa lakini mpangilio ukabaki ule wa kitambo: 0, subiri, 1. Kwa lugha mpya, hiyo ni kusema "acha reset, kisha ishike". Bodi iliyoandika ukweli ndiyo ikaumia, skrini yake ikabaki imelazwa. Ikabidi mpangilio ugeuzwe: 1 kwanza, kisha 0.

Hiyo ilipotengenezwa, zamu ikawa ya mafaili yaliyodanganya. Yalikuwa na kosa miaka yote na hakuna aliyejua, kwa sababu draiva haikuwa inayasoma.

Mimi nilikuwa nimekopi faili la enzi hizo. Kwa mstari wa RESET liliandika 0, yaani pini ya kawaida, badala ya 1, yaani ya kinyume. Nikabadilisha hiyo tarakimu moja. Skrini ikawaka.

Kwa hivyo ukiambiwa kitu "kimekuwa kikifanya kazi tangu zamani", uliza kama kuna mtu amewahi kukisoma. Saa zingine kilifanya kazi kwa sababu hakuna aliyekiangalia.

Jana nilirudi dukani. Nilimkosea mbele ya watu, nikamwomba msamaha mbele ya watu. "Mzee, skrini yako ilikuwa nzima." Akacheka, akaniuliza kama nataka ya pili.

Nilichukua.