Vifo vya watoto wa sungura
Ni kupotea kwa uzao wote au sehemu yake, hasa katika siku 10 za mwanzo. Mimba huchukua siku 31 hivi. Watoto huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba, na hupoa upesi. Anayeburutwa nje ya kiota akiwa bado ameng'ang'ania chuchu anaweza kufa hata usiku usio wa baridi kali. Akiokotwa mapema, hupashwa joto taratibu viganjani mpaka aanze kufurukuta, kisha hurudishwa kwa wenzake.

Kisanduku cha kuzalia huwekwa siku ya 28 ya mimba. Kasansa, katika bonde la Rukwa mkoani Katavi, ni ukanda wa mpunga, na mabua yake makavu yasiyo na ukungu hufaa kutandikwa ndani ya kisanduku hicho. Joto la bondeni hudai kivuli na matundu ya hewa. Siafu huzuiwa kwa kusimamisha miguu ya banda ndani ya makopo yenye oili chafu.

Mama hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, hivyo wafugaji wengi humsingizia kuwa amewatelekeza. Matumbo ndiyo ushahidi: ya mviringo, wameshiba, yenye mikunjo, hawajanyonya. Mama akila wanawe, chombo cha maji kikaguliwe kwanza, kwani huenda ni kiu.