Ufalme wa Kikatiba

Kenya iliwahi kuwa na malkia baada ya uhuru. Kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe kama hiyo mwaka 1964, mkuu wa dola alikuwa Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa Nairobi na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, huku serikali ikiongozwa na Waziri Mkuu Jomo Kenyatta. Huo ndio ufalme wa kikatiba: mfalme hubaki na kiti, sheria hutungwa na wabunge waliochaguliwa, na saini yake hufuata ushauri wa mawaziri.

Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, iliuonja mfumo huo kwa uchungu. Tarehe 28 Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika Jimbo la Kaskazini Mashariki, ambako wengi walitaka kujiunga na Somalia. Aliyeamua si malkia, bali serikali ya Kenyatta. Nchi ikawa jamhuri, malkia akatoka kwenye katiba, lakini sheria za hatari zikaendelea kuwabana watu wa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Kwa hiyo anayedai kwamba kumfunga mfalme kwa katiba ndiko kuwapa raia uhuru, namuuliza: raia yupi? Istilahi hii hueleza mamlaka yamehamia wapi. Yatatumikaje, haisemi.

Kinyume cha ufalme wa kikatiba ni ule ambao mtawala hana wa kumzuia; wapo wanaouita wa kiimla. Neno hilo hulaumu kabla ya kueleza. Mimi naona afadhali kusema ufalme usio na mipaka. Nalo neno katiba, lenye asili ya maandishi, hutufanya tutafute kitabu, ilhali Uingereza haina katiba iliyoandikwa mahali pamoja. Mengi yanayomzuia mfalme wake ni mazoea. Msomali wa Wajir huiita katiba dastuur, neno ambalo kwetu, katika Kiswahili, limekuwa neno desturi. Tena anaijua xeer, sheria ya mila inayomfunga hata mzee mwenye cheo, bila kuhitaji kuandikwa.

Zanzibar iliufikia ufalme wa kikatiba kwa njia ndefu. Sultani Barghash alitawala bila bunge. Himaya ya Uingereza ya 1890 iliwapunguzia warithi wake nguvu, lakini zilikwenda kwa maofisa wa kigeni, si kwa wananchi. Huo haukuwa ufalme wa kikatiba. Baraza la Kutunga Sheria lilikuja 1926, nao uchaguzi wa kwanza 1957. Tarehe 10 Desemba 1963 Sultani Jamshid bin Abdullah akawa mkuu wa dola huru, serikali ikiwa mikononi mwa Waziri Mkuu Mohamed Shamte.

Ufalme huo haukutimiza hata miezi miwili. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, na wapinzani wake wawili wakaungana kuunda serikali. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali hiyo pamoja na sultani, ambaye kikatiba hakuwa ndiye mwenye kuamua mambo ya serikali.