Jarida la Nairobi na Habari za Garissa

Mwezi wa Februari 1975 Hilary Ng'weno, Mwafrika wa kwanza kushika uhariri mkuu wa Daily Nation, alianzisha mjini Nairobi jarida la The Weekly Review. Halikuwa mali ya serikali. Liliishi kwa wanunuzi na matangazo, na bidhaa yake ilikuwa uchambuzi wa siasa na uchumi. Majuma machache baadaye J. M. Kariuki akauawa.

Makala haya yanalitazama jarida hilo kutoka Garissa. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulitawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi Novemba 1991. Jarida lilikoma mwaka 1999; basi zaidi ya nusu ya umri wake mkoa huo ulikuwa chini ya sheria isiyohusu raia wengi wa Kenya.

Lugha nayo ilikuwa imekwisha kutenda kazi yake. Neno shifta lina asili ya Ethiopia, ambako hubeba maana ya jambazi na ya mwasi pia. Katika taarifa za serikali ya Kenya maana ya pili ilidondoka. Watu waliodai kuungana na Somalia, dai la kisiasa hata kama hatulikubali, wakawa wezi tu. Na mwizi hahitaji mchambuzi, ahitaji polisi. Vita vilikwisha mwaka 1967, neno likabaki.

Mfanyabiashara wa ng'ombe wa Garissa alihitaji habari za siasa na za soko pengine kuliko wakili wa Nairobi: bei, mvua, usalama wa njia. Lakini jarida liliandikwa kwa Kiingereza. Yeye alitegemea msafiri aliyefika jana, na redio. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilikuwapo tangu 1957, wakati Kisomali chenyewe hakikupata maandishi rasmi hadi 1972.

Uhuru wa mchapishaji nao ulikuwa na gharama. Nairobi Times, gazeti jingine la Ng'weno lililoanzishwa 1977, liliuzwa kwa chama cha KANU mwaka 1983, likageuka Kenya Times. Februari 1984 wanaume Wasomali walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 57. Manusura wamehesabu mamia.