Vim: kihariri kilichoibeba Kibaale

Neno moja limebadilika kwenye skrini ya Vim, na ni rahisi kulipita. Anayefungua kihariri hiki bila kutaja faili hukuta uwanja mtupu, alama za mawimbi zimejipanga upande wa kushoto toka juu hadi chini, na katikati mistari michache: jina la programu, toleo lake, jina la Bram Moolenaar, kisha ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Kwa miaka mingi, chini ya ombi hilo, mtumiaji aliambiwa aandike :help iccf ili apate maelezo. Mwaka 2025 shirika la ICCF Holland lilivunjwa. Matoleo mapya sasa yanamwambia aandike :help Kuwasha.

Kuwasha. Ni kitenzi cha kila alfajiri, cha mama anayepuliza makala (ndivyo mkaa unavyoitwa Lubumbashi) ili chai iwahi. Leo kimekaa mlangoni mwa chombo kinachotumiwa na waandishi wa programu wa dunia nzima, na huku kwetu, kwenye lugha yenyewe, habari hiyo imepita kimya kimya.

Kwa wasio wa fani, kihariri ni programu ya kuandikia maandishi matupu, bila mapambo. Mwandishi wa programu hushinda ndani yake kutwa nzima, kama fundi nguo na cherehani yake. Mwanafunzi wa informatiki mjini Lubumbashi, awe wa Chuo Kikuu au wa ESIS Salama ya Wasalesiani, anaweza kukutana na Vim bila kuitafuta. Anasakinisha Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, kwenye Windows na kukubali kila pendekezo, siku inayofuata anataka kuhifadhi mabadiliko yake ya kwanza, na ghafla dirisha linageuka. Herufi anazobonyeza haziandiki kitu. Mlango wa kutokea hauonekani. Kumbe kutoka ni kubonyeza Esc, kisha nukta mbili, q na Enter. Lakini nani atamwambia? Mei 2017 Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja.

Ugumu huo haukuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, California, aliandika kihariri cha vi akitumia terminali ya ADM-3A, kwa laini iliyopitisha herufi polepole mno. Kibodi ile haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, na hadi leo herufi hizo ndizo zinazosogeza kishale ndani ya Vim. Kwa sababu ya laini ile, amri zikawa fupi kabisa: dd hufuta mstari, u huurudisha, nukta hurudia tendo la mwisho. Aliyekwisha kuzizoea haoni sababu ya kuinua mkono kufuata panya.

Moolenaar alikuwa Mholanzi, mhandisi wa umeme aliyesomea Delft. Mwaka 1988 alikuwa na kompyuta ya Amiga, akataka vi juu yake. Alichukua Stevie, mwigo wa vi ulioandikwa na Tim Thompson kwa ajili ya kompyuta ya Atari ST, akaanza kuukarabati. Mwaka 1991 kazi yake ikatoka kwa umma ndani ya diski namba 591 ya mkusanyo wa programu za Amiga wa Fred Fish. Mwaka 1993 herufi tatu za jina, ambazo mwanzoni zilimaanisha vi ya kuiga, zikapewa maana ya vi iliyoboreshwa. Hadi hapo ni hadithi ya kawaida ya programu yoyote iliyozaliwa chumbani mwa mtu mwenye subira.

Kisha ikaja Kibaale.

Hii si wilaya ya Kibaale iliyo magharibi mwa Uganda. Ni mji mdogo wa kusini, wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Habari zake nyingi katika makala haya zimetoka kwenye faili liitwalo uganda.txt, ambalo Moolenaar aliliandika mwenyewe na ambalo husafiri pamoja na Vim kila inapokwenda. Mwaka 1994 alikwenda huko kama mtu wa kujitolea, akakaa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale akishughulikia maji na usafi. Alikuta watu wa kilimo, maskini lakini wasiokosa chakula. Alikuta pia kitu kingine. Rakai ndiko kuliko kijiji cha wavuvi cha Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa walioupa jina la Slim, kabla haujajulikana kwa wote kama UKIMWI. (Kasensero sasa imo katika wilaya ya Kyotera, iliyomegwa kutoka Rakai.) Faili linataja hesabu: katika wilaya yenye watu 350,000, watoto wapatao 60,000 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili.

Maneno “watoto maskini” yanaweza kumchoma msomaji wa leo. Tumechoka kuonyeshwa kwa wageni kama watu wa kuhurumiwa, na uchovu huo una haki yake. Lakini anayefungua faili lenyewe hakuti picha za kuliza watu. Hukuta mhandisi akieleza mahali palipo, watu wanaishi vipi, kituo kinafanya nini katika masomo, matibabu na chakula, na fedha zinapelekwa kwa njia gani. Anaandika kama mtu aliyebeba mabomba, naye alikuwa amefanya kazi ya maji kweli.

Aliporudi Uholanzi alifanya jambo ambalo watengenezaji wachache wa programu wamewahi kulifanya. Vim ilikuwa tayari inapendwa, naye angeweza kuiuza. Badala yake aliiita programu ya hisani: itumie na uinakili kadiri upendavyo, ila unahimizwa kuwachangia yatima wa Kibaale. Akaanzisha ICCF Holland kupokea michango hiyo na kutafuta wafadhili wa mtoto mmoja mmoja. Baada ya kuajiriwa na Google mwaka 2006, hata fedha ambazo watumiaji walizituma kudhamini Vim yenyewe alizielekeza Uganda. Ombi likawekwa skrini ya kwanza, pale ambapo wengine huweka nembo ya kampuni. Vim ikaingia katika Linux, ikaingia katika kompyuta za Apple, ikaingia katika seva zisizo na idadi, na kila ilikoingia jina la Uganda liliingia nayo.

Mtu mwenye moyo huo asidhaniwe kuwa alikuwa mwepesi kukubali kila kitu. Ugomvi mkubwa wa maisha ya Vim ulizuka hapo hapo.

Mwanzoni mwa 2014 Mbrazili Thiago de Arruda alileta mabadiliko makubwa. Alitaka Vim iweze kuendesha kazi nyingine kwa nyuma huku mtumiaji akiendelea kuandika, kwa sababu kihariri kilikuwa kinaganda kila kilipoagizwa kukagua msimbo. Moolenaar aliyatazama mabadiliko yale, akayaona makubwa na ya hatari kwa programu inayotembea kwenye mifumo mingi namna ile, na hakuyaingiza. De Arruda hakurudi nyuma. Alichukua msimbo, akaanzisha Neovim, akaomba jumuiya dola 10,000 ili aifanyie kazi; akapewa zaidi ya 33,000.

Maneno yakawa mengi. Upande mmoja ulisema mzee ameshikilia funguo peke yake na nyumba inachakaa. Upande wa pili ulisema vijana wanataka kubomoa ukuta unaobeba paa. Moolenaar aliwahi kuulizwa jumuiya ifanye nini ili Vim iendelee kuwapo, akajibu kwa ufupi kwamba wamweke hai. Jibu lile likawa silaha mikononi mwa wapinzani wake: mradi mzima umetundikwa kwenye pumzi za mtu mmoja! Walikuwa na hoja. Lakini Septemba 2016 ilitoka Vim 8.0, nayo ilikuwa na uwezo ule ule wa kuendesha kazi kwa nyuma, ulioandikwa kwa namna ya Moolenaar. Ushindani uliwanufaisha watumiaji wa pande zote mbili. Na katika yote waliyoyabadilisha, watu wa Neovim hawakulifuta ombi la Uganda. Lilibaki kwenye skrini yao ya kwanza, kama mali ya familia ambayo hata ndugu waliogombana hawaigawi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya utulivu zaidi. Juni 2022 ilitoka Vim 9.0, yenye lugha mpya ya ndani inayokimbia kwa kasi zaidi.

Katika Haut-Katanga, kuanzia Lubumbashi hadi Lukafu, Vim ina sifa moja inayostahili kufundishwa kabla ya nyingine zote. Umeme hukatika. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri anaweza kupoteza kazi ya saa nzima kwa sekunde moja. Vim, tangu faili linapofunguliwa na kuanza kuguswa, huweka pembeni faili la siri lenye mkia wa .swp, na kulijaza kila baada ya herufi 200, au mtumiaji anaponyamaza kwa sekunde nne. Umeme ukirudi, mtu hufungua faili lile lile na kukutana na onyo refu kwamba kuna faili la akiba. Wengi huliogopa onyo hilo wakalipita haraka, wakaanza upya. Herufi moja tu ilitosha: kubonyeza R, na karibu kila kitu kinarudi, isipokuwa labda maneno machache ya mwisho. Baada ya hapo ni kuhifadhi na kulifuta lile la akiba.

Faida nyingine aliieleza Moolenaar mwenyewe katika insha yake ya mwaka 2000 kuhusu tabia saba za uhariri wenye tija. Ushauri wake unahitaji utulivu zaidi ya kipaji: tazama ni jambo gani unalirudia na linakula muda wako, tafuta njia fupi ya kulifanya, kisha ulizoeshe vidole mpaka visifikiri. Hakumtaka mtu ajifunze amri zote kwa mara moja. Fundi cherehani yeyote angemwelewa.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Hofu ya wapinzani wake haikutimia. Christian Brabandt na wachangiaji wengine waliendelea na kazi, na Januari 2024 wakatoa Vim 9.1 kwa kumkumbuka. ICCF Holland ilipovunjwa, kazi ya Kibaale nayo ikabaki mikononi mwa mshirika wake wa miaka mingi, shirika la Kuwasha lenye makao Surrey, Kanada. Hivyo ndivyo kitenzi chetu kilivyofika pale.

Kimefika peke yake. Vim inajua kusahihisha tahajia ya Kiswahili: anayeandika :set spell spelllang=sw, akishapakua faili la tahajia, huona maneno yaliyokosewa yakitiwa alama. Lakini ujumbe wake wenyewe haujatafsiriwa. Katika folda ya tafsiri kimo Kiafrikaans, kimo Kivietinamu, kimo Kiesperanto, Kiswahili hakimo. Na wala si kwamba kazi ya namna hiyo haiwezekani. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wenye mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakati intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa ya kuhesabu dakika. Leo vyuo vya Lubumbashi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala vimejaa vijana wanaoweza kuikamilisha tafsiri ya Vim kwa muhula mmoja.

Faili linalosubiriwa lingeitwa sw.po. Ni maandishi matupu, na linafunguka kwa Vim yenyewe. Kila ujumbe umeandikwa kwa Kiingereza baada ya neno msgid, na chini yake kuna neno msgstr, kisha alama mbili za nukuu zisizo na kitu katikati.