Betri ya moyo: lini urudi kwenye baiskeli, mpira na jembe

Mkazi wa Kibaha au Kisarawe aliyewekewa betri ya moyo, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, hurudi nyumbani na swali: nitaendesha tena baiskeli?

Kwa wengi jibu ni ndiyo, ila si wiki hiyo. Kifaa hukaa chini ya ngozi karibu na bega, mara nyingi la kushoto. Kutoka hapo waya mwembamba hupita kwenye mshipa hadi moyoni, na ncha yake huhitaji muda kushikamana. Kwa kawaida, wiki 4 hadi 6, mkono wa upande huo hauinuliwi juu ya bega wala kubeba mzigo. Kwetu wenye hatari ni jembe na ndoo ya kisimani kuliko michezo. Lakini usiufunge mkono. Utikise taratibu, bega lisikakamae.

Daktari akishakipima kifaa na kukuruhusu, rudi kwenye baiskeli, hata farasi kwa aliye naye. Tatizo hapo ni kuanguka. Mpira wa miguu muulize kwanza, maana kifua hugongwa. Ngumi na mieleka achana nazo.

Simu usiiweke mfuko wa shati upande wa kifaa. Iwe mbali kwa sentimita 15.

Ukizimia, ukipata kizunguzungu, au kidonda kikivimba na kutoa usaha, wahi hospitali. Walio Kibaha wana Tumbi. Beba kadi ya kifaa.